Baba Hotelini, Watoto Nyumbani



Amepokea Imam Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.) kisa cha jirani mmoja wa Mtume (s.a.w.), Mwajemi aliyekuwa hodari wa kupika mchuzi. Siku moja alimpikia Mtume, kisha akaja kumwalika. Mtume akaashiria kwa Bibi Aisha (r.a.) na kuuliza kama naye amealikwa. Jirani akasema la, na Mtume akaukataa mwaliko. Akarudi mara ya pili, ikawa vivyo hivyo. Mara ya tatu akaridhia, na hapo wakainuka wote wawili, wakafuatana hadi nyumbani kwake.

Kisa hiki kilinijia nilipokuwa Kawangware, magharibi ya jiji la Nairobi, mtaa ambao huenda baadhi yenu mna kijana au ndugu aliyehamia huko kutafuta riziki. Umepakana na Lavington ya wenye nacho. Alfajiri watu hutoka kwa miguu kwenda kutumika katika majumba ya matajiri na katika majengo yanayojengwa. Wengine hupanda matatu za namba 46 kuelekea mjini. Jioni hurudi, na hoteli za kando ya barabara hujaa wanaume. Baba hula wali na nyama, akasukutua, kisha hufika kwake akasema hana njaa. Watoto wamekwisha kula ugali na sukuma wiki. Mke haulizi, maana kijiti cha meno kilichosahauliwa mdomoni kimekwisha kumjibu.

Mwenye kazi ya sulubu hana budi kula adhuhuri pale alipo, na hilo halina lawama. Ninayemsema ni yule aliyebakisha hatua mia moja afike kwake, akaona bora kitoweo akimalize peke yake. Bibi Hind bint Utba alipomshtakia Mtume ubahili wa mumewe Abu Sufyan, aliruhusiwa kuchukua katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi chakula cha aila ni haki yao. Si hisani ya baba.

Lakini tuwe waadilifu. Sisi wa Pwani tumezoea baraza, ukumbi na mkeka mpana. Sinia la maulidi likitandazwa, watu watano wamelizunguka. Huko Kawangware familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha mabati, chenye kitanda, jiko na ndoo za maji. Mmoja hula kitandani, mwingine kizingitini, kila mmoja na sahani yake na saa yake. Ndiyo sababu naiona hoteli kwa jicho jingine: huenda ile meza ndiyo mahali pekee panapoweza kuwakusanya wote, uso kwa uso, mara moja kwa mwezi baada ya mshahara.

Niliiona familia moja ikifanya hivyo, katika hoteli ndogo ya Waislamu yenye pembe iliyozibwa kwa pazia. Waliagiza sinia moja la pilau ya mbuzi, kachumbari na ndizi mbivu. Maji ya kunawa yakapita kuanzia kwa mdogo. Kitinda mimba alipovusha mkono hadi upande wa nduguye, babaye aliurudisha taratibu, bila kumkemea. Ndivyo alivyofunzwa Umar bin Abi Salama, mtoto aliyelelewa nyumbani mwa Mtume, mkono wake ulipokuwa ukizunguka sahanini: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Sahani ya mtu peke yake haiwezi kumfunza mtoto somo hilo la tatu. (Na simu mkono wa kushoto, mabwana, ni mgeni asiyealikwa.)

Wako wazee watakaosema kwamba mke wa mtu kula hotelini ni aibu. Nawarejesha kwa Bibi Aisha na yule Mwajemi. Sitara ihifadhiwe, pembe ya familia iombwe, na pahali panapouzwa pombe paepukwe hata nyama yake ikiwa nzuri namna gani. Mchinjaji naye aulizwe. Kuuliza si utovu wa adabu.

Kuhusu gharama, agizeni sinia la wawili kwa watatu na watoto wao, kwani Mtume ametueleza kuwa chakula cha wawili huwatosha watatu. Nyama isiwe ya mwenye mkono mwepesi. Mama aigawe mwisho, kama afanyavyo nyumbani. Na wewe baba, chukua tonge umlishe mkeo. Sa'd bin Abi Waqqas aliambiwa na Mtume kwamba hata tonge hilo lina malipo. Watoto watacheka, waache wacheke. Pilau ikibaki, mwambie mhudumu aifunge, mumpelekee jirani wa chumba cha pili kabla haijapoa.