Shukrani isiyoficha machungu: Zoezi la familia kwa siku njema na siku ngumu

Musoma. Kwa familia zinazoishi kwa dagaa kandokando ya Ziwa Victoria, mwezi mmoja una sura mbili. Siku za giza, mitumbwi hutoka jioni na taa zake na kurudi alfajiri na mzigo. Pesa ya unga, dawa na michango ya shule hupatikana. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti tena dagaa, mitumbwi hukaa ufukweni na bajeti ya nyumba hubana.

Wanaoanika nao wana mashaka yao. Mvua moja ya ghafla inatosha kuharibu dagaa waliotandazwa juani, na mzigo uliotegemewa kulisha watu ukaishia kwenye chakula cha kuku.

Kusini zaidi, wilayani Bunda, mkulima wa pamba hupalilia na kupulizia dawa kwa miezi kabla ya kushika fedha, kwa kuwa soko hufunguliwa kuanzia Mei. Kwa wanaolima karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, tembo wanaweza kumaliza shamba la mahindi ndani ya usiku mmoja.

Katika maisha ya namna hii, ushauri wa “shukuru kwa kila jambo” husikika kila mahali: kanisani, msikitini, kwenye vikoba na katika ujumbe wa asubuhi wa WhatsApp. Lakini mzazi anashukuruje wakati mfuko ni mtupu na mtoto anadai daftari? Na je, shukrani ina faida yoyote kwa afya, au ni maneno ya kufarijiana tu?

Tafiti za zaidi ya miaka 20 zinaonyesha faida ipo, ingawa ni ya kiasi. Inategemea pia namna ya kushukuru, kwa sababu ipo shukrani inayomjenga mtu na ipo inayomziba mdomo.

Walichopima watafiti

Mwaka 2003, Robert Emmons wa Chuo Kikuu cha California, Davis, na mwenzake Michael McCullough walichapisha utafiti ambao hadi leo ni rejea ya wengi. Kundi moja la wanafunzi liliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, mambo hadi matano waliyoyashukuru. Kundi la pili liliandika kero zao, na la tatu liliandika matukio ya kawaida.

Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kuwa mazuri zaidi, waliisubiri wiki inayofuata kwa matumaini na walilalamikia maumivu machache ya mwili.

Sehemu nyingine ya utafiti huo inawagusa zaidi walio katika shida. Iliwahusu watu wazima wenye magonjwa ya misuli na mishipa ya fahamu, walioandika kila siku kwa siku 21. Ugonjwa haukuondoka. Hata hivyo, wakilinganishwa na wenzao, walilala muda mrefu zaidi na kuamka wakijisikia wamepumzika. Hata watu wao wa karibu waliona wameridhika zaidi na maisha.

Miaka miwili baadaye, Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake waliwaomba watu waandike kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyoenda vizuri na sababu ya kila moja. Furaha iliongezeka na dalili za sonona zikapungua kwa hadi miezi sita, hasa kwa walioendelea na zoezi hilo kwa hiari yao.

Lakini mwaka 2020, David Cregg na Jennifer Cheavens wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio walijumlisha tafiti 27 za aina hiyo na kukuta kuwa nafuu ya sonona na wasiwasi ni ndogo. Kwa maoni yao, mwenye matatizo hayo anahitaji tiba inayojulikana kufanya kazi. Shukrani haitoshi kuwa dawa.

Kwa lugha ya jikoni, shukrani ni kama mchicha. Ukiliwa mara kwa mara unajenga mwili, lakini hakuna anayetibu malaria kwa mchicha.

Mvua na viwavi vya Butiama

Mara ina mfano wake wa namna familia inavyoweza kuyakumbuka mema na mabaya kwa pamoja. Mfano huo uko Butiama, alikozaliwa na alikozikwa Mwalimu Julius Nyerere.

Mtoto aliyezaliwa Aprili 1922 kwa Chifu Nyerere Burito na mama Mgaya aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa Wazanaki unaohusishwa na mvua, kwa kuwa siku hiyo mvua ilinyesha sana. Baba yake alibeba jina la siku ngumu. Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi, na alipewa jina hilo kwa sababu alizaliwa wakati viwavijeshi vimevamia.

Mvua na viwavi vikakaa katika jina la mtu mmoja: Kambarage Nyerere.

Utaratibu huo haukuwa wa Wazanaki peke yao. Kwa Wajaluo, ambao ni wengi pia mkoani Mara, Okoth na Akoth ni watoto wa mvua, Okech na Akech ni wa kipindi cha njaa. Katika darasa moja la shule ya msingi mwalimu anaweza kuita Neema, Baraka na Shukuru, kisha akaendelea na Shida, Tabu na Mashaka.

Mzazi aliyemwita binti yake Tabu hakukosa shukrani. Alieleza ukweli wa siku ile, kisha akamnyonyesha, akamlea na kumsomesha. Wazee hawakuona haja ya kuificha njaa ili kuishukuru mvua, na familia ya leo inaweza kushukuru kwa namna hiyohiyo.

Asante ina mwenyewe

Neno asante lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya mwanzo ni “umefanya vyema”. Kwa hiyo asante inamtaka mtu aliyetenda na jambo alilolitenda.

Hapo ndipo shukrani nyingi za nyumbani zinapopungukiwa. “Tunashukuru kwa yote” ni sentensi nzuri, lakini haimgusi mtu. Tofauti yake ni hii: “Asante bibi kwa kukaa na mtoto jana, niliwahi kuanua dagaa kabla ya mvua.” Bibi anajua kazi yake imeonekana, na aliyesema anajua hakuwa peke yake.

Mkulima wa Bunda ambaye mahindi yake yameliwa na tembo hana sababu ya kushukuru kwa hasara. Anaweza kumshukuru jirani aliyekimbia usiku na tochi na debe kusaidia kuwafukuza. Na asubuhi anapaswa kwenda kwa mtendaji wa kijiji kuripoti uharibifu na kufuatilia kifuta jasho. Jambo moja halifuti jingine, kwa kuwa anayeshukuru hajapoteza haki ya kudai.

Mara nyingi wanaosahaulika ni walio karibu zaidi. Dereva wa bodaboda hupewa asante kila safari, huku mke aliyeamka saa 11 kuchota maji, mume aliyelala ziwani au binti aliyeosha vyombo bila kuagizwa wakipita bila neno.

Inapogeuka kufuli

Neno shukuru linaweza kutumika vibaya, na wazazi wanapaswa kulitambua hilo mapema.

Mama aliyejifungua anasema analia bila sababu na hana hamu ya kumshika mtoto. Anajibiwa: “Shukuru mtoto ni mzima, wenzako wanatafuta.” Anayeambiwa hivyo mara mbili hatasema mara ya tatu. Sonona baada ya kujifungua inatibika, lakini inatibika kwa aliyesikilizwa na kupelekwa kliniki.

Mtoto analalamika kuhusu mtu mzima anayemshika vibaya, naye anaambiwa awe na adabu kwa sababu mtu huyo ndiye anayemlipia ada. Hapo shukrani imegeuzwa kuwa deni ambalo mtoto analilipa kwa mwili wake.

Mke anapigwa, na ndugu wanamkumbusha ashukuru kuwa ana mume anayelisha nyumba. Katika tafiti za kitaifa za afya, Mara imekuwa miongoni mwa mikoa yenye viwango vya juu vya ukatili wa wenza, hivyo ushauri wa aina hiyo mkoani humu unaweza kugharimu maisha.

Kipimo ni rahisi. Shukrani ya kweli humwacha mtu na nguvu ya kusema. Ikimfanya aogope kusema, hiyo si shukrani.

Anayepatwa na ukatili anaweza kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kwa mtoto, namba 116 ni ya Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mtu mwenye huzuni au kukosa hamu ya mambo kwa wiki mbili au zaidi, anayeshindwa kulala au kula, au anayefikiria kujidhuru, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Anzeni na chakula cha jioni

Familia haihitaji daftari maalumu wala saa ya ziada. Inahitaji muda ambao tayari upo, na kwa nyumba nyingi muda huo ni chakula cha jioni.

Kila mmoja ataje jambo moja lililoenda vizuri na jambo moja lililokuwa gumu. Yote mawili yasikilizwe bila kukatizwa. Mtoto akisema leo hakukuwa na jema, asilazimishwe. Asikilize wengine, kesho atapata lake.

Jambo jema litajwe na mwenyewe wake. “Leo nimefurahi” iongezewe nani alisaidia na alifanya nini. Kama mtu huyo hayupo, apigiwe simu au atumiwe ujumbe wa sauti. Babu aliyeko kijijini huenda asisome meseji, lakini atausikiliza ujumbe wa mjukuu wake mara tano.

Msilinganishe. “Wenzako hawana hata ugali” humfundisha mtoto kufurahia shida ya mwingine au kuona aibu kwa njaa yake. Aambiwe ugali umetoka wapi: nani alilima muhogo, nani alisaga, nani alisonga.

Zoezi likianza kuchosha, lipunguzwe. Sonja Lyubomirsky na wenzake waligundua kuwa waliohesabu mema yao mara moja kwa wiki kwa wiki sita walinufaika kuliko waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki. Jumapili jioni peke yake inaweza kutosha.

Baba na mama waanze wao. Mtoto asiyewahi kumsikia baba akimwambia mama asante, huamini neno hilo ni la watoto na wageni.

Kwa watoto na vijana

Kumwamuru mtoto “sema asante” ni mwanzo wa adabu, lakini hakutoshi. Andrea Hussong wa Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, ambaye amechunguza wazazi na watoto kuhusu jambo hili, anaigawa shukrani katika hatua nne: kuona, kufikiri, kuhisi na kutenda.

Mzazi anaweza kuzigeuza kuwa maswali. Shangazi ameleta viatu vya shule: umeona amekuletea nini? Unadhani kwa nini alikukumbuka? Unajisikiaje? Ungependa kumfanyia nini? Mtoto wa miaka saba anaweza kujibu kwa kuchora picha, na wa miaka 15 kwa kumsaidia shangazi kubeba mzigo sokoni.

Faida inaweza kuonekana hata shuleni. Mwaka 2008, Jeffrey Froh na wenzake walichapisha utafiti wa wanafunzi 221 wa Marekani. Walioorodhesha mambo ya kushukuru kila siku kwa wiki mbili waliridhika zaidi na masomo yao kuliko walioorodhesha kero.

Kwa kijana mwenye simu, kazi ni ngumu kidogo, kwa kuwa kila siku anaona nguo, safari na sherehe za wengine. Kumhubiria hakusaidii sana. Kumuuliza nani alimsaidia wiki hii, na yeye alimsaidia nani, kunamrudisha kwa watu anaoishi nao.

Mbalamwezi itarudi kila mwezi na mitumbwi itakaa ufukweni tena. Familia iliyozoea kusemezana katika siku za giza, dagaa wanapokuwa tele, inakuwa tayari inajua nani wa kumshukuru na nani wa kumwambia kuwa leo hali ni mbaya. Leo jioni, kabla sahani hazijaondolewa, mwulize mmoja wa wanao: nini kilienda vizuri, na nini kilikuwa kigumu? Kisha sikiliza majibu yote mawili.