Uchafu hufikaje kisimani? Jinsi kompyuta inavyofuatilia maji ya chini ya ardhi

Maji ya kisima yanaweza kuwa maangavu, hayana harufu wala ladha mbaya, na bado yakawa na uchafu uliomwagwa mbali miaka mingi iliyopita. Kwa kuwa hakuna anayeona chini ya ardhi, wataalamu hutumia programu za kompyuta kukadiria maji yanaelekea wapi, kwa kasi gani, na uchafu utafika lini. Katika makala haya tunaeleza programu hizo zinavyofanya kazi, na kwa nini haziwezi kitu bila vipimo vya visima kama chako.

Maji ya ardhini hayatulii

Wengi wetu hudhani chini ya kisima kuna mto au ziwa. Mara nyingi sivyo. Maji hujaa katika nafasi ndogo kati ya punje za mchanga au katika nyufa za miamba, kisha husogea polepole kutoka penye usawa wa juu kwenda penye usawa wa chini. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa, Henry Darcy, alichapisha kanuni ya mwendo huo baada ya kupitisha maji kwenye mchanga mjini Dijon. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa programu za leo.

Programu hufanyaje kazi?

Mojawapo ya zinazotumika sana ni MODFLOW. Ilitolewa mwaka 1984 na USGS, idara ya jiolojia ya serikali ya Marekani, na hupatikana bure. Huigawa ardhi katika vipande vingi, mithili ya matofali yaliyopangwa kwa safu na tabaka. Kwa kila kipande mtaalamu huingiza aina ya udongo au mwamba, usawa wa maji, mvua inayopenya na maji yanayovutwa na pampu. Kompyuta hukokotoa maji yanayohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine.

Kisha huongezwa uchafu. Programu ya MT3D, iliyotoka mwaka 1990, hufanya kazi hiyo. Kila uchafu una tabia yake. Naitreti ya vyooni na ya mbolea husafiri pamoja na maji. Kemikali nyingine hunata kwenye udongo na kuchelewa. Vijidudu vingi hufa njiani, iwapo safari ni ndefu.

Mfano wa Cape Cod

Huko Cape Cod, Marekani, maji taka ya kambi ya jeshi yalimwagwa kwenye mchanga tangu mwaka 1936 hadi 1995. Uchafu ulienea chini ya ardhi zaidi ya kilomita 3. Mwaka 1985 watafiti waliingiza chumvi ya bromaidi ardhini hapo wakaifuatilia. Ilisafiri takriban sentimita 40 kwa siku.

Tupige hesabu. Kwa kasi hiyo, mita 30 ni siku 75 tu, na kilomita moja ni karibu miaka 7. Kwenye udongo wa mfinyanzi mwendo ni wa polepole zaidi. Kwenye mawe ya matumbawe, kama yale ya pwani yetu, maji yanaweza kupita mianyani kwa kasi kubwa, na vijidudu visipate muda wa kufa.

Bila vipimo, kompyuta hubahatisha

Programu haijui chochote ambacho haikuambiwa. Ikipewa vipimo vichache, majibu yake ni ya kukisia. Ndiyo maana watafiti huko Kwale, Kenya, walifunga vifaa vidogo kwenye mipini ya pampu za mkono, wakaona kwamba mtikisiko wa mpini unaweza kusaidia kukadiria kina cha maji.

Unachoweza kufanya

• Choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji. Penye matumbawe au miamba yenye nyufa, umbali huo huenda usitoshe. Uliza wataalamu kwanza.

• Kabla ya kufunga pampu kubwa, ulizeni imepangwa kuvuta maji kutoka upande gani. Pampu yenye nguvu inaweza kugeuza mwendo wa maji na kuvuta uchafu uliokuwa ukielekea kwingine. Pwani, inaweza kuvuta maji ya chumvi.

• Pima kina cha maji kwa kamba kila mwezi, asubuhi kabla watu hawajaanza kuteka, na uandike kwenye daftari. Kamba iwe safi na itumike kwa kazi hiyo tu.

• Chemsha maji ya kunywa ili kuua vijidudu. Lakini kuchemsha hakuondoi naitreti. Ukiwa na shaka, omba ofisi ya maji ya eneo lako ipime.

Uchafu ukishaingia ardhini, kuuondoa ni kazi ya miaka na gharama kubwa. Mtaalamu akija kijijini kwenu na kompyuta yake, mwonyesheni daftari la kisima, na mwambieni vyoo na mashimo ya taka ya zamani yalikuwa wapi. Hayo ni mambo ambayo kompyuta haiwezi kuyajua bila nyinyi.