Pua Iliyoziba Upande Mmoja

Shemeji yetu wa Milimani, Nakuru, amefanya useremala kwa miaka 30. Dalili ya mwanzo aliiona katika udhu: kila alipopandisha maji puani, tundu la kulia liliyapokea na la kushoto likayarudisha. Miezi ikapita. Zahanati moja, ambayo hatutaitaja, ikampa dawa za mafua, kisha za mzio, kisha za kuua vijidudu mara tatu. Mkewe ndiye aliyeona madoa ya damu kwenye foronya, upande ule ule kila asubuhi, na ndiye aliyekataa dawa ya nne.

Saratani ya pua na ya mianya iliyomo ndani ya mifupa ya uso, ile tuliyozoea kuiita sainasi, ni adimu; haifiki hata moja katika kila saratani 100. Uadimu huo ndio unaowaponza wagonjwa, kwa kuwa hakuna anayeitazamia. Mafua na mzio kwa kawaida huziba pande zote mbili, au hupokezana. Upande mmoja ukiziba kwa wiki kadhaa na kutoa damu au uchafu unaonuka, shavu likafa ganzi, meno ya juu yakalegea, jicho likatokeza au mtu akaona vitu viwili viwili, basi aende kwa daktari wa masikio, pua na koo.

Daktari huchungulia kwa kamera nyembamba, kisha huagiza picha ya CT kwa ajili ya mifupa, na MRI ili aone kama uvimbe umefika kwenye jicho au ubongo. Kipande cha nyama hukatwa baadaye, kwa sababu baadhi ya vivimbe vimejaa mishipa ya damu. Maabara sharti itaje aina, maana aina ndiyo huamua tiba. Ipo moja kali mno, iliyoelezwa mwaka 1986, ambayo hukua kwa majuma. Mwaka 2019 matabibu wa Houston, Marekani, walionyesha kuwa ni bora kuianza kwa dawa za saratani: ikinywea, mgonjwa aendelee na mionzi pamoja na dawa, isiponywea, apasuliwe.

Aina nyingine huletwa na vumbi la mbao. Jambo hili lilibainika miaka ya 1960 kwa watengeneza viti wa High Wycombe, Uingereza, na mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani likalitangaza vumbi hilo kuwa kisababishi. Tunawafikiria wachongaji milango wetu wa Lamu. Vumbi lisifagiliwe pakavu, barakoa ivaliwe, na nguo za kazi zisikung'utwe chumbani wanamolala watoto.

Zamani aliyehitaji mionzi ya serikali alikwenda Nairobi. Sasa Nakuru, Mombasa na Garissa zina vituo vya saratani vya kanda. Gharama ni nzito hata hivyo, na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, yafaa ilipiwe kabla ya kuugua.

Shemeji alipasuliwa kupitia puani, kisha akapigwa mionzi kwa wiki sita. Maji sasa hupita pande zote mbili. Harufu haijarudi, maziwa humnusia mkewe kabla hajayanywa, na miezi mitatu ijayo atachunguzwa tena.