Usiku Mmoja Katika Mbuga ya Katavi

Wako ndugu zetu wengi ambao wakisikia habari za kulala hemani porini hucheka na kusema kwamba hiyo ni anasa ya wageni. Fikira hiyo haina budi kusahihishwa, hasa kwa mtu wa Kabungu, ambaye Mbuga ya Katavi ni jirani yake.

Katavi ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1974, na ilipopanuliwa katika miaka ya 1990 ikafikia kilomita za mraba 4,471. Toka Mpanda mjini hadi Sitalike, penye makao makuu yake, ni mwendo wa kilomita kama 35 tu. Humo mna misitu ya miombo, maziwa ya Katavi na Chada, na utulivu mkubwa, maana watazamaji ni wachache mno kuliko wanaokwenda Serengeti. Mwananchi hutozwa kiingilio kidogo kuliko mgeni. Gari ni ghali kwa mtu mmoja. Lakini wafanyakazi wa mahali pamoja wakichanga, mzigo huwa mwepesi.

Hata hivyo, faida si mapumziko peke yake. Mto Katuma, unaoinywesha mbuga hiyo, hupita kwanza penye mashamba ya mpunga. Mkulima anayekinga maji huko juu huliona shamba lake, wala hauoni mwisho wa mto. Basi na aende wakati wa kiangazi, mwezi wa Septemba au Oktoba, apige hema pale atakapoelekezwa na askari wa mbuga. Atawaona viboko kwa mamia wamesongamana katika dimbwi la tope, wakigombea maji yaliyosalia. Usiku atawasikia wakikoroma, na sauti hiyo itamfundisha kuliko hotuba yetu yoyote.

Hatusemi mpunga usilimwe. Watoto lazima wale. Twasema maji yagawanywe kwa haki, na mto uachiwe fungu lake.

Anayekwenda akumbuke adabu: asitoke kambini usiku, asikate mti, azime moto wake, na takataka arudi nazo. Jina la Katavi latokana na Katabi, mzimu ambaye wazee walimpelekea sadaka chini ya mkwaju karibu na ziwa. Wazee hao waliingia porini kwa heshima. Nasi tuingie vivyo hivyo, tusije tukawa wageni katika nyumba yetu wenyewe.