MAINI YA KONDOO NI YA NANI?



Kondoo ao mbuzi akichinjwa nyumbani, nyama inagawanywa mbele ya kufika kwenye chungu. Kila mutu anajua desturi ya kwao. Katika nyumba nyingi maini yanachomwa kwanza kwenye makala na kupelekwa kwa baba na wageni wake, na matumbo yanabaki kwa akina mama na watoto. Upande mwingine kuko vijana, zaidi wale waliokomalia mujini, wanaodharau vitu hivi vyote. Ukiwapa sahani ya matumbo wanasema: "Hii hapana nyama, iko matumbo tu!"

Muzee anayefuata desturi na kijana anayedharau, wote wawili hawajajiuliza neno moja: ndani ya kila kipande muko nini, na ni nani katika nyumba anayekihitaji kupita wengine? Ndilo ulizo tunalotaka kujibu hapa.

1. NYAMA ZA NDANI NI ZIPI?

Tunaita nyama za ndani vile viungo vinavyokaa ndani ya kifua na tumbo la munyama: ini, moyo, figo mbili, mapafu, bandama (wengine wanaiita wengu) na matumbo. Wapishi wanahesabu pia ubongo na ulimi pamoja navyo.

Viungo hivi havifanani na nyama ya paja. Nyama ya paja ni musuli, na kazi yake ni kumutembeza munyama. Lakini ini ni ghala ya mwili. Chakula kikisha kuyeyushwa tumboni, damu inakipitisha kwanza kwenye ini, nalo linaweka akiba: vitamini A, vitamini B12, madini ya chuma na ya shaba. Bandama nayo inavunja chembe nyekundu za damu zilizozeeka, kwa hiyo chuma ya zile chembe inakusanyika mule. Moyo ni musuli usiopumzika hata dakika moja. Basi mutu anayekula kiungo anakula pia akiba iliyowekwa ndani yake.

2. TUHESABU KIDOGO

Hapa tunatumia hesabu za kondoo. Mbuzi ni jirani yake, viungo vyake vinafanya kazi ileile. Tukipima grama 100 za nyama mbichi, tunapata karibu hivi:

- Nyama ya musuli: chuma karibu miligrama 2.
- Ini: chuma miligrama 7,4, protini grama 20, vitamini A mikrograma 7.400, vitamini B12 mikrograma 90.
- Figo: chuma miligrama 6,4, protini grama 16, vitamini B12 mikrograma 52.
- Moyo: chuma miligrama 4,6, protini grama 16, vitamini B12 mikrograma 10.
- Mapafu: chuma miligrama 6,4, protini grama 17.
- Bandama: chuma miligrama 42, protini grama 17.

Muangalie vema. Kwa protini, ile inayojenga mwili, nyama za ndani na nyama ya musuli zinakaribiana. Tofauti kubwa iko kwa chuma na vitamini. Ini lina chuma karibu mara nne kupita nyama ya paja. Bandama, ambayo watu wengi wanaitupia mbwa, inapita zote, hata kama ni kiungo kidogo. Matumbo yana protini, lakini chuma yake ni kidogo. Hayafai kudharauliwa, ila hayawezi kushika nafasi ya ini.

3. CHUMA INAFANYA KAZI GANI MWILINI?

Chuma hii si ile ya misumari, ni madini kidogo sana yanayokaa katika damu. Chembe nyekundu za damu zinabeba hewa safi toka mapafu mpaka kila pahali pa mwili, na chuma ndiyo inashika ile hewa. Chuma ikipunguka, mutu anakuwa na upungufu wa damu. Anachoka bure, anapumua mbio akipanda kilima, kichwa kinamuuma, viganja na ndani ya kope vinapauka. Darasani anaonekana kama muvivu, kumbe damu ndiyo imekosa nguvu.

Ni nani anahitaji chuma nyingi? Kufuatana na hesabu zinazotumiwa Marekani, kijana muvulana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji miligrama 11 kwa siku. Musichana wa miaka ileile anahitaji 15, sababu anapoteza damu kila mwezi. Mwanaume mukomavu anatosheka na 8. Mama mwenye mimba anahitaji 27. Basi wanafunzi wanaojua hesabu wameona jambo: baba, ambaye desturi inamupa maini, ndiye anayehitaji chuma kidogo kupita wengine. Musichana wake, anayebakia na mchuzi, anahitaji karibu mara mbili yake.

Mutu atasema: "Lakini sisi tunakula sombe, lenga-lenga na maharagi, vyote viko na chuma." Ni kweli, na tusiviache. Lakini chuma ya majani na maharagi inaingia kwa shida ndani ya damu, sababu ndani ya vyakula hivyo muko vitu vinavyoishika na kuizuia. Chuma ya nyama inaingia kwa upesi zaidi. Tena nyama kidogo ikichanganywa na maharagi, inasaidia chuma ya maharagi kuingia. Kwa hiyo maini kidogo ndani ya chungu cha mboga yanafanya kazi mara mbili.

4. HISTORIA YA MAINI NA DAMU

Katika miaka ya 1920, munganga mumoja wa Marekani, George Whipple, alikuwa akitoa damu ya mbwa mpaka wanapungukiwa, kisha anawapa vyakula mbalimbali ili aone ni kipi kinarudisha damu mbio. Maini yalishinda. Wenzake wawili wa Boston, George Minot na William Murphy, walijaribu maini kwa watu waliokuwa na aina moja ya upungufu wa damu iliyokuwa ikiua bila dawa. Wagonjwa walikula maini mengi kila siku, nao wakapona. Walitangaza habari hiyo mwaka 1926, na mwaka 1934 wote watatu walipewa zawadi ya Nobel.

Lakini sababu haikuwa moja. Mbwa wa Whipple walisaidiwa zaidi na chuma. Wale wagonjwa wa Boston walisaidiwa na kitu kingine kilichojificha ndani ya maini. Kilitambulikana mwaka 1948 tu, nacho ni vitamini B12. Mwili wa mutu mukomavu unahitaji mikrograma 2,4 kwa siku. Ni kidogo sana, lakini sombe, mihogo na maharagi havina hata hiyo. Inapatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Kipande cha ini cha grama 50 kina karibu mikrograma 45, na mwili unaweza kuiweka akiba kwa muda murefu.

Ini lina pia vitamini A nyingi. Vitamini hii inalinda macho. Mutoto anayeikosa anaanza kushindwa kuona wakati wa magaribi, na akiendelea kuikosa anaweza kupofuka.

5. DAWA IKIZIDI INAKUWA SUMU

Mutu asikimbilie sokoni sasa na kula ini kila siku. Mwanaume anahitaji mikrograma 900 za vitamini A kwa siku, mwanamuke 700. Grama 100 za ini zina 7.400, ndiyo kusema zaidi ya siku nane za mwanaume na zaidi ya siku kumi za mwanamuke! Vitamini A haitoki katika mukojo kama vitamini C, inabaki mwilini. Ikizidi siku kwa siku inaharibu ini la mutu mwenyewe. Kwa hiyo kipande kidogo, mara moja kwa juma, kinatosha. Kwa mutoto mudogo kipande kiwe kidogo zaidi.

Mama mwenye mimba anahitaji chuma kupita wote, lakini vitamini A ya ini ikizidi inaweza kuharibu mutoto angali tumboni. Inchi ya Uingereza, kwa mufano, inashauri wenye mimba wasile ini hata kidogo. Basi yeye apewe moyo na nyama ya musuli, na vidonge vya chuma anavyopewa kwenye kituo cha afya avimeze bila kuacha.

Mutu mwenye ugonjwa wa jongo, ule unaovimbisha kidole kikubwa cha muguu, ajizuie na ini na figo, maana zinaongeza maumivu.

Tena maini hayaponyeshi kila upungufu wa damu. Kama damu inapunguka juu ya malaria ao juu ya minyoo inayonyonya damu tumboni, dawa ya malaria ao ya minyoo inahitajiwa kwanza. Mugonjwa wa SS naye, shida yake si kukosa chuma. Yeye amufuate munganga. Basi mutu akiwa na alama za upungufu wa damu, apimishe damu mbele ya kujipa dawa mwenyewe.

6. TUANGALIE MBELE YA KUPIKA

Ini zuri ni laini, rangi ni moja, halinuki. Likikatwa na kukutwa vidudu bapa kama majani madogo ndani ya mifereji yake, ni minyoo ya ini. Sehemu ile itupwe.

Mara nyingine ini ao mapafu yanakuwa na mifuko myeupe yenye maji. Mifuko ile ina mbegu za mnyoo mwingine. Hatari yake inapitia kwa mbwa: akila ile mifuko mibichi, minyoo inakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka katika mavi yake, yanafika kwenye mikono yetu na mboga zetu. Ndani ya mutu yanageuka mifuko ileile, inayokomaa polepole kwa miaka katika ini ao mapafu yake. Turkana, kaskazini ya Kenya, pahali watu, mbwa na mifugo wanaishi pamoja, wanateseka sana na ugonjwa huu. Kwa hiyo musitupie mbwa viungo vibichi vya namna hiyo. Muvichome ao muvizike chini sana.

Na munyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, hata kama nyama yake inaonekana nzuri. Kuko magonjwa, kama kimeta, yanayoua munyama na mulaji pia.

7. NAMNA YA KUPIKA NA KUGAWANYA

Nyama za ndani zinaoza mbio kupita nyama ya musuli. Zipikwe siku ileile ya kuchinja. Ini lioshwe, likatwe vipande vyembamba, liive mpaka damu isionekane tena katikati. Lakini lisikaushwe kama ubao. Kitunguu, tomati na chumvi kidogo vinatosha. Ndimu ao mapera pembeni yanasaidia chuma ya mboga kuingia. Chai nyeusi ingoje kwanza, maana inazuia chuma ile. Matumbo yanataka kazi: yageuzwe, yapanguzwe na maji ya moto, yaoshwe mara nyingi, kisha yachemke saa nyingi. Mapafu yanapikwa vema yakichanganywa na moyo. Watu wa Scotland wanasaga moyo, ini na mapafu ya kondoo, wanachanganya na unga wa nafaka na kupika ndani ya tumbo lake. Ndicho chakula cha heshima cha inchi yao.

Sasa turudi kwenye sahani. Tuseme ini lina uzito wa nusu kilo. Likikatwa vipande kumi vya grama 50, linaweza kufika kwa nyumba nzima: wasichana, mama anayenyonyesha, watoto na baba pia. Likienda lote kwa watu wawili, wao wanapata vitamini A kupita kipimo, wengine hawapati kitu.

Mutoto hawezi kumuamuru baba yake, na hatuandiki haya ili mukagombane na wazazi. Lakini kuna namna ya kusema kwa heshima. Baba akisha kupewa chakula, mwambie: "Baba, kwenye masomo tulifundishwa kama maini yanaongeza damu ya wasichana na watoto. Tunaomba utukatie kidogo." Yeye ndiye akate, yeye ndiye agawe. Heshima yake haipunguki, na damu ya binti yake inaongezeka. Figo na moyo vinaweza kubaki kwa wageni, navyo ni chakula kizuri.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ini lina vitamini kupita nyama ya paja?
2. Musichana wa miaka 16 anahitaji chuma ngapi kwa siku, na kaka yake wa umri ule ngapi? Sababu gani?
3. Mama mwenye mimba apewe kiungo gani, na asipewe kipi?
4. Mbwa analeta hatari gani akila mapafu yenye mifuko ya maji?
5. Uliza nyumbani: kwenu maini ni ya nani? Leta jibu darasani.