Usiiambie ChatGPT "niandikie ombi la ufadhili" tu

Uko na shirika la kijamii mtaani na mfadhili anataka ombi kufikia Ijumaa? Usiagize akili unde kijuujuu. Utapewa maneno matamu yasiyo na mtaa wala mtu. Ieleze: wasichana 40 wa Mathare, sodo za miezi sita, bajeti hii hapa, kurasa mbili pekee. Kisha ongeza: "Usibuni takwimu. Ukikosa kitu, niulize." Hapo ndipo wengi huchomeka. Hii kitu hubuni nambari bila haya, na atakayeulizwa zilikotoka ni wewe.

Majina ya wasichana nayo? Usiyaweke kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto. Andika "msichana wa miaka 14", inatosha.