Mawe ya chuma iko Uele, sababu gani jembe inatoka ngambo?

Wakaaji wa Banalia, Isiro na Watsa wanasikia kila mara ya kama udongo wao uko na mawe ya chuma mingi. Ni kweli. Lakini mama anayenunua jembe sokoni anauliza: mbona bado inatoka inchi ya wengine?

Jiwe lenyewe ni chuma kilichoshikana na oksijeni, sawa vile kutu. Kuvitenganisha kunaomba moto wa digri 1500 hivi, pamoja na koki, ni kusema makaa ya mawe iliyochomwa mbele. Wahunzi Wamangbetu na Wazande walikuwa wanafanya ile kazi kwa makaa ya miti, mbele Wazungu wafike. Kiwanda cha leo, kwa kupata tani 1 ya chuma kigumu, ile mafundi wanaita acier, kinakula karibu tani 1,4 ya mawe na kilo 800 hivi ya makaa.

Karibu mawe yote, 98 kwa mia, inageuka acier: vyuma vya betoni, reli, magari, misumari, na manjanja, ambayo wanapaka zinki, kama ile ya Kipushi. Ile kidogo inayobaki iko na kazi watu hawajui. Viwanda vya simenti vinaichanganya na chokaa ili moto usihitaji kuwa mkali sana. Ndiyo maana simenti iko na rangi ya majivu. Viwanda vya mbolea navyo vinaitumia wakati wa kutengeneza amonia.

Turudilie jembe. Miaka ya 1970, serikali ya Mobutu ilijenga kiwanda cha acier kule Maluku, karibu na Kinshasa, kitumie umeme wa Inga. Mawe ya Banalia haikufika. Kiwanda kikayeyusha vyuma vizee, na vitu vyake vikapita bei ya vile vya kutoka inje. Miaka ya 1980 kikazimika.

Jiwe halikukosekana. Makaa ya Luena na Kalemie ni zaifu kwa kutengeneza koki. Reli ya zamani ya Uele, ile Vicicongo, ilikuwa nyembamba, na leo imekufa. Dhahabu unaitia mfukoni unaenda. Mawe ya chuma inaomba treni nzima-nzima.

Basi, mtu akikuja kwenu kuongea mradi wa chuma, mumuulize mambo mbili: itapita njia gani, na itayeyushwa wapi? Ikitoka ingali jiwe, bei ya jembe itaendelea kupangwa kule wanakoyeyusha.